Mdogo wangu kauliza elektroni inachukua muda gani kuhama

Mdogo wangu wa mwisho yuko form five, anasoma PCB, na wiki iliyopita kanitumia voisi ya dakika nne WhatsApp. Mbili za mwanzo ni salamu na kuniomba hela ya bando, mbili zilizobaki ni swali. Anasema, "Dada shikamoo, hivi kwenye redoksi mwalimu anachora mshale tu, elektroni imetoka hapa imeenda hapa, sasa nikamuuliza inachukua muda gani akasema papo hapo. Dada, papo hapo ndo sekunde ngapi?"

Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mzee wa pembeni akanigeukia. Maana hilo swali ndo kazi yangu jamani, kupima kwa eksirei elektroni inahama kwa muda gani. Mama anawaambia watu wa jumuiya kwamba binti yake anasomea eksirei Ulaya, na nina uhakika nusu yao wanasubiri nirudi niwapige picha za vifua. Nimejaribu kueleza mara kadhaa nikaacha. Dogo nikamjibu kwa voisi fupi, nikaona nimemdanganya, nikafuta, na ndo hivi nimekaa kuandika. Itakuwa ndefu, chukua chai.

Tuanzie maabara ya shule, huko ndo wote tulikutana na hiki kitu bila kuambiwa. Unaikumbuka ile bluu? Umepewa chumvi usiyoijua, umeiyeyusha, unashuku ina chuma cha tatu (yaani kilichopungukiwa elektroni 3), unadondosha potasiamu ferosayanaidi matone mawili matatu na testi tyubu nzima inageuka bluu nzito kama wino, unaandika chuma kipo, unachukua maksi zako unahamia kwenye chumvi inayofuata. Hakuna aliyewahi kuniambia ile bluu inatoka wapi. Ile bluu ni elektroni kuruka. Ndani ya lile tope kuna chuma cha aina mbili, kimoja kimepungukiwa elektroni 2 na kingine 3, na katikati yao kuna sayanaidi, yaani kaboni na nitrojeni zimeshikana, chuma kimoja kimekamata upande wa kaboni na mwenzake upande wa nitrojeni. Mwanga wenye rangi ya kuelekea nyekundu ukifika pale unamezwa, nguvu yake inatumika kuisukuma elektroni moja itoke kwenye chuma mbili iende kwenye chuma tatu, na mwanga uliobaki ndo unakufikia wewe machoni, unasema bluu. Zambarau ya pamanganeti kwenye taitresheni ni ndugu yake, pale elektroni inatoka kwenye oksijeni inaingia kwenye manganizi. Kwa hiyo dogo, elektroni inayohama ushaiona, tena na kuchafua shati la shule imekuchafulia.

Ila rangi inakwambia tu kwamba imeruka. Haisemi imeruka lini, imepitia wapi, imekaa huko muda gani kabla ya kurudi kwao.

Kabla ya mashine hizi watu walikuwa wanapeleleza kwa akili, na hapa lazima nimtaje Henry Taube, Mkanada wa Saskatchewan aliyehamia Marekani. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichukua kompleksi ya kobalti. Kompleksi ni metali iliyokaa katikati kama bibi harusi na molekuli nyingine zimeizunguka, hizo za pembeni ndo ligandi. Hii ya kwao moja ya ligandi zake ilikuwa klorini, wakaichanganya na kromiamu mbili, yaani iliyopungukiwa elektroni 2. Reaksheni ikaisha, kobalti imeshapokea elektroni, na ile klorini inakutwa imeshikiliwa na kromiamu. Sasa kromiamu ikishatoa elektroni inakuwa kromiamu tatu, na hiyo ina tabia moja, ikishika kitu haiachii wala haibadilishi kirahisi, kwa hiyo klorini haikuja baadaye kwa kuzurura kwenye maji, ilikuwepo pale pale kati ya metali mbili wakati elektroni inapita. Yenyewe ndo ilikuwa daraja. Ni kama ukute begi la mtu Kigamboni, hujamuona akivuka, lakini begi lina tiketi ya pantoni mfukoni (sawa, siku hizi kuna daraja kabisa, msianze). Taube alipewa Nobel 1983 na mimi mpaka leo jaribio lile nalipenda kuliko mashine zote ntakazozitaja hapa chini, maana hakuwa na kitu zaidi ya kemikali, chupa na kichwa.

Halafu kuna Rudolph Marcus, Mkanada mwingine, Nobel ya 1992, huyu alifanya kwa hesabu. Na huyu ndo anajibu swali la dogo kwa namna ambayo mwalimu wake hakuisema. Elektroni ni nyepesi sana, yenyewe kuruka si tatizo. Tatizo ni vitu vizito vilivyoizunguka. Molekuli za maji zimejipanga kulingana na chaji ilipo sasa hivi, vifungo vya metali na ligandi zake vina urefu unaoendana na idadi ya elektroni zilizopo sasa hivi, na elektroni ikihama ghafla kila kitu kinajikuta kimekaa vibaya. Kwa hiyo kwa kawaida lazima haya mazito yatikisike, yasogee kidogo huku na kule, mpaka itokee nukta ambayo kukaa huku au kule kwa elektroni ni gharama ile ile, hapo ndo inavuka. Kwa lugha ya nyumbani, msichana alishakubali zamani, kinachochukua muda ni vikao vya wazee.

Sasa nani ameviona hivyo vikao vikikaa?

Ahmed Zewail, Mmisri aliyezaliwa Damanhur na kufanya kazi chuo cha Caltech, Marekani, alipata Nobel ya kemia 1999 kwa kufungua mlango huo. Wazo lake ukilisikia unaona hata wewe ungelifikiria: unapiga molekuli kwa mwanga mfupi sana wa leza, huo ndo unaanzisha safari, halafu unapiga mwanga wa pili kwa kuchelewa kidogo, huo ndo unaangalia imefika wapi. Molekuli moja huwezi kuifuatilia mwanzo mwisho, kwa hiyo unarudia na nyingine zinazofanana nayo, kila mara unabadilisha huo ucheleweshaji. Chukua mfano wa embe linaloanguka mtini. Kamera yako inapiga picha moja tu kwa kila embe, basi unaangusha maembe elfu moja, moja unalipiga likiwa limeachia tawi, jingine likiwa katikati, jingine likigusa chini, ukizipanga picha unapata sinema ya embe moja ambalo halipo.

Muda tunaouongelea ni femtosekunde. Ukigawanya sekunde moja mara milioni, kila kipande ukakigawanya tena mara milioni, kisha kile kinachobaki ukigawanye mara elfu, umefika. Huo ucheleweshaji wa mwanga wa pili hatuupimi kwa saa, hamna saa ya hivyo, tunaupima kwa rula! Nisikilize: mwanga ndani ya femtosekunde 100 unasafiri maikromita 30 tu, haujavuka hata upana wa unywele wako mmoja. Kwa hiyo ukitaka mwanga uchelewe femtosekunde 100 unauzungusha kwenye vioo, unakirudisha kioo nyuma maikromita 15, mwanga unakwenda 15 na kurudi 15, basi, umechelewa. Mara ya kwanza kuambiwa hivi nilimwomba anayenifundisha arudie, nikahisi natapeliwa.

Leza za rangi za kawaida zinafanya kazi hii vizuri tu na bado tunazitumia. Shida yake ni kwamba zinauliza rangi, na rangi ni ya molekuli nzima kwa pamoja, metali na ligandi zote zinajibu kwa mkupuo kama darasa lililoulizwa nani kapiga kelele. Na kuna metali zinazokaa kimya kabisa, hazina rangi ya maana, elektroni ikiingia ndani yake leza ya kawaida haioni kitu cha kueleweka.

Eksirei haina mchezo huo. Kila metali ina elektroni 2 za ndani kabisa, jirani na kiini, na bei ya kuzing'oa inajulikana, haibadiliki hovyo: chuma ni kama elektronivolti 7,112 (hicho ndo kipimo cha hiyo bei), kobalti 7,709. Ukipiga kwa nguvu ya chuma, kobalti iliyo kwenye molekuli hiyo hiyo haihusiki, haijaitwa. Unaita kwa jina, anaitika mwenye jina. Na bei yenyewe inasogea kidogo kutegemea metali imebaki na elektroni ngapi, kwa hiyo jibu linakuja na taarifa ndani yake.

Kuna na njia ya pili ambayo ndo mkate wangu wa kila siku. Ukishaing'oa ile elektroni ya ndani pale panabaki shimo, na elektroni ya ghorofa ya juu inaporomoka kulijaza, ikiporomoka inatoa eksirei yake yenyewe. Ukiichora kwenye grafu, mstari wa hiyo eksirei inayotoka una umbo, na umbo lake linategemea kuna elektroni ngapi zisizo na mwenza kwenye ghorofa la nje la metali, hicho ndo wanakiita spini. Metali ikiwa na elektroni zote zimepangwa mbili mbili, mstari una umbo moja. Zikiwa 3 au 4 zimekaa peke yake peke yake, umbo linabadilika, unapinda na kusogea. Kwa macho tofauti ni ndogo, ila ukishaizoea unaitambua kama unavyotambua mwandiko wa mtu.

Na ya tatu, eksirei zile zile zikigonga molekuli zinatawanyika, na mtawanyiko unabeba umbali kati ya atomi na atomi. Kwa hiyo kwa mpigo mmoja unapata elektroni iko wapi na mazito yamesogea vipi. Vikao vya wazee vya Marcus, mubashara.

Tatizo lilikuwa kupata eksirei fupi. Sinkrotroni, zile mashine za duara, zinatoa eksirei nzuri sana lakini kila mpigo unadumu karibu pikosekunde 100, ambazo ni femtosekunde laki moja. Ni kama kumpiga picha bodaboda anayepita kwa simu ya tochi usiku, unapata mstari wa taa na kofia ya mtu. (Na hapa nimwage kidogo ya moyoni: Afrika ndo bara pekee linalokaliwa na watu ambalo halina hata sinkrotroni moja. Wajordani wamefungua yao, SESAME, mwaka 2017, kwa kushirikiana na majirani ambao baadhi yao hata hawasalimiani. Sisi bado tupo kwenye mikutano.)

Dawa ikaja Aprili 2009 pale maabara ya SLAC, Menlo Park, California, walipowasha LCLS, leza ya kwanza duniani ya eksirei ngumu, yaani zile zenye nguvu kubwa. Wajapani wakafuata na SACLA 2011, Wajerumani na washirika wao wakafungua European XFEL nje kidogo ya Hamburg 2017. Hii ya Hamburg ina urefu wa kilomita 3.4, iko chini ya ardhi, juu yake watu wana nyumba na wanamwagilia bustani zao kama kawaida. Elektroni zinakimbizwa ndani ya vyumba vya niobiamu vilivyopozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri, zikifika nguvu ya kutosha zinapitishwa katikati ya sumaku nyingi zilizopangwa kaskazini kusini kaskazini kusini, mita kwa mita, mpaka karibu mita 200. Zinayumba huku na huku kama mlevi, kila zikiyumba zinatoa eksirei, na eksirei hizo zenyewe zinaanza kuzipanga elektroni kwenye mistari myembamba, zikishapangika zinatoa mwanga kwa sauti moja. Kundi linaloimba kila mtu na wake likageuka kwaya. Mipigo mpaka 27,000 kwa sekunde, kila mmoja wa femtosekunde chache au makumi. LCLS walikuwa na 120 kwa sekunde, wakajenga upya, na Septemba 2023 wakawasha mpya yenye uwezo wa kufika milioni moja kwa sekunde. Sitaki hata kufikiria nani ataichambua hiyo data yote. Ni sisi, najua.

Sasa jaribio ambalo kama ningekuwa na saa moja tu na darasa la dogo ningewaambia hili. Matokeo yake yalitoka 2015, lilifanyika SACLA. Watafiti walikuwa na molekuli yenye metali mbili, ruteniamu upande mmoja, kobalti upande mwingine, katikati ligandi ndefu bapa kama ubao wa daraja, umbali kutoka metali mpaka metali unazidi nanomita moja (mita moja ukiigawanya mara bilioni), ambayo kwa elektroni ni safari kweli kweli. Ruteniamu ina rangi, inameza mwanga vizuri. Kobalti ndo yule bubu niliyemsema, kwa leza ya kawaida haonekani. (Na ndiyo, ni kobalti hii hii ya Kolwezi, ambayo kila mwenye simu anatembea na kipande chake mfukoni.) Ukipiga mwanga, ruteniamu inaachia elektroni, inakaa kwenye daraja, inavuka. Zamani kwa leza ya kawaida ungeona imeondoka ruteniamu halafu giza. Wao wakaiita kobalti kwa jina lake kwa eksirei na kobalti ikaitika: umbo la mstari likabadilika, kutoka hali ambayo elektroni zote zina wenza hadi hali yenye 3 zisizo na mwenza. Mzigo umefika. Na mtawanyiko ukaonyesha vifungo vinavyoizunguka kobalti vikifunguka kwa nje, maana kobalti yenye elektroni ya ziada na spini kubwa inahitaji nafasi, kama mtu aliyetoka kula pilau ya harusi analegeza mkanda.

Utamu uko kwenye mpangilio wa muda. Elektroni haikusubiri vikao viishe! Yote haya yanatokea ndani ya pikosekunde chache, na uhamaji wenyewe unatokea wakati molekuli bado ina moto wa ile leza, bado haijatulia, elektroni inapitia hali za kati zilizochangamka badala ya kungoja kila kitu kipoe ndo ivuke kwa utaratibu. Hesabu za Marcus za kwenye kitabu zinaanza na mfumo uliotulia. Kwa hiyo huwezi kuzibandika juu ya jaribio hili hivi hivi ukapata jibu, na wala haimaanishi Marcus alikosea, yeye alijibu swali lake, hili ni lingine.

Mimi kwenye hii biashara niko upande wa chuma, na sababu ni ya kimaskini kabisa. Ruteniamu ikichanganywa na ligandi 3 ziitwazo bipiridini inatoa dude la rangi ya machungwa ambalo wanakemia wanalipenda kama mtoto wa kwanza, linameza mwanga wa jua, linaitupa elektroni kwenye ligandi, na inakaa huko nanosekunde mia kadhaa (nanosekunde moja ni pikosekunde elfu) ikisubiri mtu aichukue kufanya kazi, kama kwenye zile seli za jua za rangi alizozitangaza Michael Grätzel na Brian O'Regan 1991. Lakini ruteniamu ni miongoni mwa metali adimu kabisa. Chuma kimejaa kila mahali, hata vumbi jekundu linaloingia ndani kwa mama limejaa chuma. Kwenye jedwali la elementi chuma kinakaa juu ya ruteniamu, kwenye safu moja, ungedhani ukibadilisha tu mambo yanakwenda. Ukitengeneza chuma na bipiridini 3 unapata maji mekundu mazuri kama sharubati ya rosela, yanameza mwanga vizuri tu, elektroni inatupwa kwenye ligandi vizuri tu, halafu ndani ya kama femtosekunde 200, hata hujasema aa, imesharudi kwenye chuma. Vifungo vinavimba, molekuli inakaa imejaa hewa kama pikosekunde 650, inatoa joto, inarudi ilivyokuwa. Hakuna kilichozalishwa zaidi ya maji ya vuguvugu.

Kwa miaka watu walibishana imerudije. Inashuka moja kwa moja mpaka ile hali ya spini kubwa, au inapita kituo cha katikati? Leza za kawaida ziliwapa kila kambi ushahidi wake. Mwaka 2014 kundi moja lililotumia LCLS likaangalia umbo la mstari wa eksirei ya chuma, likaona kituo cha katikati kipo, hali yenye elektroni 2 zisizo na mwenza ndani ya chuma chenyewe, ya muda mfupi mno. Huo ndo mlango wa kutokea. Ukishajua mlango uko wapi unaweza kuufunga.

Na watu wa Lund, Sweden, walikuwa wameshaanza kuufunga kwa ligandi za kabeni, zinazokishika chuma kwa kaboni badala ya nitrojeni. Zinakishika kwa nguvu sana mpaka zile hali za ndani ya chuma zinapandishwa juu, elektroni inaona kushuka humo ni ngazi badala ya mteremko. Mwaka 2013 wakafika elektroni kukaa kwenye ligandi pikosekunde 9. Najua unacheka, pikosekunde 9! Lakini 2015 wakaonyesha kwamba dude la aina hiyo likibandikwa juu ya titania, yaani oksidi ya titaniamu, linaikabidhi elektroni kwa ufanisi wa asilimia 92, kwa sababu makabidhiano yenyewe ni ya haraka kuliko kuanguka. Na 2019 wakatoa jingine la chuma linalokaa nanosekunde 2 na linawaka, chuma kinachotoa mwanga, kitu ambacho zamani ungekisema kwenye mkutano ungeombwa ukae chini. Baadaye lile la pikosekunde 9 likapelekwa tena kwenye eksirei, matokeo yakatoka 2020, ikaonekana si elektroni zote zinatii. Sehemu inabaki kwenye ligandi kwa zile pikosekunde 9, sehemu inatoroka mapema kabisa kuingia ndani ya chuma, na hizo zilizotoroka zinaiacha molekuli ikihema, vifungo vinarefuka vinafupika, pumzi moja kila femtosekunde 278. Ile grafu ya mawimbi niliibandika ukutani juu ya kitanda. Wengine wanabandika wachezaji.

Kuhusu maisha yenyewe ya kazi hii, picha mnazoziona za watu wamevaa miwani ya leza wanatabasamu zinapigwa siku ya kwanza. Unaomba muda wa mashine miezi mingi kabla, maombi mengi kuliko nafasi, ukipata unapewa zamu chache za saa 12 na haziongezwi, ikifika mwisho imefika. Kituo nilichoenda mwaka jana sitakitaja kwa sababu aibu ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Sampuli yetu inapita mbele ya eksirei kama uzi mwembamba wa kimiminika, unarushwa na pampu kupitia tundu dogo, kusudi kila mpigo ukute molekuli mpya, maana iliyopigwa imeshachoka. Tumeiyeyusha ndani ya kimiminika kinachoitwa asetonitrili. Na asetonitrili inakauka haraka kwenye mdomo wa tundu kama mate ya homa, inaacha chumvi. Mimi ndo nilikuwa mwenye jukumu la kuchuja na nilichuja chupa ya kwanza na ya pili, ya tatu nikasema aah, imetoka kwenye bechi ile ile.

Saa nane na nusu usiku uzi ukaanza kupinda, halafu ukapiga chafya, halafu ukazima. Dakika hamsini tunafungua, tunaosha, tunafunga, huku eksirei inaenda kupiga hewa. Hakuna aliyenigombeza na hilo ndo liliniuma zaidi, mkuu wetu aliuliza tu kama nimekula.

Tuliporudisha uzi ikabidi tutafute upya sifuri, yaani ile nafasi ya kioo ambayo leza na eksirei zinafika pamoja kabisa. Hata ukiipata haikai, mashine ya urefu wa kilomita inatanuka kidogo, inasinyaa kidogo, mipigo inawahi na kuchelewa, kwa hiyo kila mpigo unapimwa kivyake umefika lini, na kompyuta inazipanga picha upya kwa saa ya kweli baada ya tukio. Usiku huo tulikuwa tunaangalia skrini ina mavumbi matupu. Nukta, nukta, nukta. Kama saa kumi na moja alfajiri mavumbi yakaanza kuinama upande wa kulia wa sifuri. Kidogo sana, ungeweza kusema ni macho. Tukangoja, wakati huo mtu kaenda kuleta kahawa ya mashine ile mbaya, akirudi ule mwinamo umekuwa ngazi. Kushoto kwa ngazi elektroni bado haijaondoka. Kulia imekwenda. Upana wa ngazi yenyewe ndo lile swali la dogo.

Basi nikamrekodia voisi upya, fupi. Nikamwambia mdogo wangu, papo hapo ya mwalimu wako ipo, ila kwa molekuli moja ni chini ya femtosekunde 200, nyingine ni pikosekunde, na ile reaksheni mnayofanya nyie kwenye bika inachukua muda mrefu zaidi kwa sababu molekuli lazima kwanza zitafutane majini zikutane, na zikikutana maji na vifungo vijipange, kuruka kwenyewe ndo kitu kidogo kuliko vyote. Nikamtumia na hela ya bando.

Kajibu baada ya dakika tano. "Asante dada. Sasa kwenye mtihani niandike nini?"

Nimemwambia achore mshale.